Anayelala mu salo ya dada yake, naye hana nyumba



Kuna sentensi moja ambayo siku hizi kila mtu wa Kolwezi anaijua: "Bashege beko banakuwa mingi mu muji." Inasemwa sokoni, inasemwa kanisani, dereva wa moto anaisema akisubiri mteja. Na wanaoisema hawadanganyi. Ukipita usiku mbele ya maduka utaona watoto na vijana wamelala juu ya makarto, wamejifunika mifuko ya rafia, ile ile inayobebea madini. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Katanga ikishuka, wanalala wameshikana ili wapate joto. Asubuhi mwenye duka anawaamsha, anafagia baraza lake, anafungua mlango, siku inaanza.

Basi mji umeamua kwamba hao ndio watu wasio na nyumba. Kiongozi akisema anashughulikia jambo hili, maana yake ni moja tu: wataondolewa wasionekane. Kwa siku chache baraza linakuwa safi. Kisha wanarudi, na sisi tunashangaa tena.

Sisi tunasema kuna kundi lingine, na hilo halilali nje. Mama aliyevunjiwa nyumba, leo analala mu salo ya dada yake na watoto watatu, huku wakubwa wawili wako kwa mjomba wao kartie nyingine: yule mama hana nyumba. Baba aliyekuwa na vyumba vitatu katikati ya mji, leo anapanga chumba kimoja pembeni bila maji, bila umeme, na hajui mwezi ujao atalipa na nini: yule baba hana nyumba. Kijana anayelala chini ya bashi ya plastiki karibu na mashimo mwaka mzima, naye hana. Kwa sababu usiku wa leo wana mahali pa kuweka kichwa, hakuna anayewaona.

Na hakuna anayewahesabu. Sensa ya mwisho ya watu katika nchi hii ilifanyika 1984. Jimbo letu la Lualaba limezaliwa 2015, kwa hiyo halijawahi kuhesabiwa hata mara moja. Tani za shaba na kobalti zinazotoka hapa zinapimwa kila siku, kila lori lina karatasi yake. Lakini ukiuliza ofisi yoyote ni familia ngapi za Kolwezi zimetolewa nyumbani kwa ajili ya migodi, na leo zinalala wapi, utapewa kiti ukae usubiri.

Msalaba mwekundu ukutani

Kolwezi ilianzishwa 1937 na Union Minière du Haut-Katanga. Mji ulikuja kwa sababu ya shimo, na nyumba zilijengwa kwa ajili ya watu wa kuchimba shimo. Baada ya 1967 mgodi ukawa wa taifa, ikaja Gécamines, na wazee wetu wakaishi katika mitaa yenye shule, hospitali na bomba la maji. Kisha Gécamines ikaanguka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Kazi ikaisha, hospitali ya bure ikaisha. Kwa familia nyingi kitu kilichobaki ni paa.

Sasa paa lenyewe ndilo linatakiwa.

Kartie ya Cité Gécamines iko katikati kabisa ya mji, na watu wapatao 39.000 walikuwa wanaishi pale. Mgodi wa COMMUS, wa kampuni ya China Zijin pamoja na Gécamines, ulianza tena kazi 2015, na shimo likaanza kutembea kuelekea nyumba za watu. Mwezi wa 9 mwaka 2023, Amnesty International na shirika la hapa kwetu IBGDH walitoa ripoti baada ya kuzungumza na watu zaidi ya 130 wa Kolwezi na karibu yake. Watu wa Cité Gécamines walisema hawakushauriwa vizuri. Wengine walijua kwamba nyumba yao itavunjwa siku walipoamka na kukuta msalaba mwekundu umepakwa ukutani. Walikuwa na maji ndani, walikuwa na umeme. Walichopewa hakikutosha kununua nyumba inayofanana na ile, wakaishia pembeni ya mji.

Kasulo mnaijua. Mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakachimba uani, wakachimba hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ikakabidhiwa kwa CDM, kampuni ya kundi la Huayou. Mamia ya familia wakahamishwa, ukuta ukajengwa.

Na Mukumbi, karibu na mgodi wa Mutoshi ulioendeshwa na Chemaf? Pale palikuwa na shule ya msingi, kituo cha afya na kanisa. Tarehe 7 Novemba 2016 askari wa Garde Républicaine walipachoma moto. Zaidi ya majengo 400 yaliharibiwa, na mtoto msichana wa miaka miwili aliungua vibaya. Kampuni ilikana kuhusika. Baada ya watu kuandamana, mwaka 2019 ilikubali kutoa dola milioni 1,5 kupitia viongozi wa mahali, lakini kuna waliopokea dola 300 tu. Dola 300 kwa nyumba, shamba, majirani, kanisa, kila kitu.

Tufuate bahasha

Watu wanapenda kusema: "Si walilipwa? Banakula makuta, sasa banalia." Haya, tufuate ile bahasha.

Familia inapewa pesa mara moja, mkononi. Mara nyingi haijui bei ilihesabiwa namna gani, kwa kila mita au kwa kila chumba, na haina karatasi ya kupinga. Inapewa muda mfupi wa kutoka. Inatafuta pa kupanga. Sheria ya 2015 kuhusu upangaji inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Nani anaifuata? Mwenye nyumba anataja miezi sita, na ukisita kuna wengine watano nyuma yako, kwa sababu mtaa mzima umetolewa wakati mmoja na wote wanatafuta. Bei ya kodi inapanda. Bei ya parseli inapanda. Pesa iliyoonekana nyingi siku ya kusaini inaanza kupungua kabla familia haijapata mlango wa kufunga.

Halafu kuna vitu ambavyo bahasha haikuhesabu. Mama alikuwa anauza mkate na makala mbele ya nyumba. Kule pembeni hakuna wapita njia. Shule iko mbali, moto ni franga kila siku, mtoto mmoja anaacha masomo, kisha wa pili. Majirani waliokopeshana chumvi miaka ishirini wametawanyika. Bwana anakwenda kutafuta kwenye mashimo, anarudi mara moja kwa mwezi, kisha harudi. Mama anabisha kwa dada yake. Na dada yake, ambaye salo yake ina mita tatu kwa nne, anasema: "Ingieni, tutafanya je?"

Salo hiyo haiwezi kubeba watu tisa miaka miwili. Kutakuwa na maneno. Kutakuwa na mtoto mmoja wa miaka kumi na mbili ambaye kila mtu anamwona kama mzigo. Siku moja atalala sokoni "kwa usiku mmoja tu". Wiki ijayo mtu atapita na kusema: shege.

Hatusemi kila mtoto wa barabarani ametoka kwenye nyumba iliyovunjwa na mgodi. Hiyo itakuwa uongo. Wengine ni yatima. Wengine walisingiziwa uchawi na mchungaji au na mke wa baba, wakatupwa nje, wakati Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kabisa kumtupa mtoto na kumsingizia uchawi. Wengine walikuja na treni wakifuata habari za kobalti. Tunachosema ni kwamba kati ya salo na baraza la duka kuna hatua fupi sana, na mji wetu unatengeneza watu wa salo kila mwaka. Kumfukuza aliye barazani bila kumwangalia aliye salo ni kupangusa maji sakafuni huku bomba liko wazi.

Sheria inasema nini

Tuwe wakweli: sheria yetu imekaa vibaya kwa raia. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote ni mali ya Leta. Mtu wa Kolwezi anaweza kuwa na parseli, na kampuni ikaja na karatasi ya Kinshasa ya kuchimba chini ya ile ile parseli.

Lakini hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema mali ya mtu ni takatifu, na haichukuliwi ila kwa faida ya umma na kwa malipo ya haki yanayotolewa *kabla*. Someni tena: kabla. Kifungu cha 48 kinatambua haki ya kila mtu kuwa na makao yanayofaa, na maji safi, na umeme. Kanuni za migodi za 2018 zina kiambatisho kizima kuhusu kuhamisha watu: washauriwe, walipwe, wapewe makao mapya. Aliyekuwa na maji na umeme akapelekwa mahali pasipo na maji wala umeme, sheria imevunjwa hata kama alisaini. Saini ya mtu ambaye katapila iko nyuma ya nyumba yake haiwezi kuitwa ridhaa.

Kuna wanaotuambia: "Ninyi vijana munataka migodi ifungwe." Hapana. Tunajua nani analipa mishahara katika mji huu, na wengi wenu mnaosoma hapa mnaishi kwa kazi ya migodi au kwa biashara inayoizunguka. Kuna pia familia zilizolipwa zikajenga vizuri, na tunazifurahia. Tunachouliza ni hesabu. Sheria ya 2018 inatoa asilimia 15 ya ushuru wa madini kwa komini na sekta ambako mgodi uko, asilimia 25 kwa jimbo, na juu yake kila kampuni inatoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Hizo pesa zinaingia. Kama mji unaweza kuweka taa kwenye barabara kubwa, unaweza pia kupeleka maji pale ulikowapeleka watu wake.

Kabla treni haijafika

Tunaandika leo kwa sababu zamu nyingine inakuja. Dunia nzima inaongea juu ya korido ya Lobito, reli inayobeba shaba yetu mpaka bahari ya Angola. Katika kartie ya Bel Air watu wanaishi karibu kabisa na reli hiyo. Shirika la Global Witness, mwaka 2025, lilikadiria kwamba hadi watu 6.500 wa Kolwezi wanaweza kuondolewa kando yake. Hatusubiri misalaba mipya ndipo tulie. Tunauliza sasa: ramani iko wapi? Mpaka wa reli ni mita ngapi? Nani ataondoka, lini, na ataingia nyumba gani?

Reli hii ina kumbukumbu mbaya kwetu. Mwaka 1993 raia wenye asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa hapa hapa, walifukuzwa majumbani mwao Kolwezi na kukaa gare kwa muda mrefu wakingojea treni, wazee na watoto wachanga, njaa na magonjwa. Wakati ule hakuna aliyeweza kusema hakuona. Mji mzima uliona, na wengi wakasema: si watu wetu. Leo tunasikia tena maneno kama hayo kuhusu wanaoshuka kwenye treni na kulala nje: "Barudie kwabo." Tusikubali. Anayekufundisha kwamba shida yako ya nyumba imeletwa na jirani maskini anakuzuia usiangalie nani alisaini karatasi ya nyumba yako. Msalaba mwekundu haukuuliza mwenye nyumba ni Mluba, Mlunda, Mchokwe au Msanga.

Tunachodai

Kwa gavana, meya na wakubwa wa komini za Dilala na Manika:

1. Daftari la wazi la familia zote zilizohamishwa kwa ajili ya migodi tangu jimbo lianzishwe: nani alilipwa, ngapi, na leo anaishi wapi. Daftari libandikwe komini, kila mtu alisome.
2. Nyumba kwa nyumba. Anayetolewa apewe nyumba iliyokamilika yenye maji na umeme kabla ya kutoka. Anayetaka pesa achague mwenyewe, akiwa na mtu wa sheria pembeni yake.
3. Hakuna msalaba ukutani kabla ya mkutano wa kartie, ramani kuonyeshwa, na barua kwa kila nyumba. Mpangaji naye ahesabiwe, maana leo mwenye parseli analipwa na mpangaji anaambiwa "beba vitu".
4. Misako ya usiku dhidi ya watoto wa barabarani ikome. Kijana wa Kinshasa aliyeitwa kuluna alipakiwa akapelekwa Kaniama-Kasese. Mtoto wa Kolwezi asifanyiwe hivyo kwa kosa la kulala nje. Anahitaji mahali pa kulala, shule, na mtu wa kumtafutia familia yake. Wapo wanaofanya kazi hiyo tayari, kama masista wa Bon Pasteur. Wasaidiwe.
5. Ripoti ya kila mwaka, kwa lugha tunayoielewa, ya pesa za ushuru wa madini zilizoingia komini na zilivyotumika.

Na wewe unayesoma

Usingoje jibu la ofisi. Anza na avenyi yako. Uliza, kwa heshima, nyumba ngapi zinahifadhi familia iliyovunjiwa. Andika idadi, usiandike majina. Leta idadi hiyo kwenye mkutano wetu wa kartie. Kama nyumba yenu iko karibu na shimo au na reli, piga picha leo, nje na ndani, nyufa zote, na tarehe ionekane. Weka kopi ya karatasi za parseli kwa mtu mwingine unayemwamini, si ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mtu akija na fomu ya kusaini, mwambie aiache usome usiku. Akikataa kuiacha, tayari umejua ni fomu gani.

Na simu hiyo unayotumia kuwarekodi bashege wakigombana ili watu wacheke kwenye TikTok, igeuze kidogo. Rekodi ukuta. Rekodi ufa. Rekodi mkutano ambao viongozi waliahidi kuja na hawakuja.

Kila mmoja wetu ana shangazi, kaka au rafiki wa shule ambaye "anakaa kwa watu kwa sasa". Tumezoea kusema hivyo ili tusimwaibishe. Ni adabu nzuri, lakini imewasaidia sana wale ambao hawataki ahesabiwe. Tuendelee kumheshimu, na tuseme waziwazi: hana nyumba, na kuna ofisi inayopaswa kueleza kwa nini.